Kuishi na sanaa ukiwa mchoraji wa mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na wachoraji, wachongaji na watengenezaji wa chapa (picha zinazochapwa kwa nakala nyingi) wanaofanyia kazi pale pale wanapoishi. Hawana mfadhili, majina yao hayajavuka mbali, lakini kazi zao zinanunuliwa. Nitangulize kusema kwamba majibu yangu yana upande. Kila jambo la pesa, la mteja au la muda nalipima kwa swali moja: litakuachia saa na nguvu za kushika brashi kesho, au halitakuachia? Mwenye kipimo kingine atafika kwenye majibu mengine.

Lazima niache kazi ya mshahara ndipo niwe msanii kamili?

Hapana. Mtunzi wa muziki Philip Glass aliendesha teksi na kufanya ufundi bomba New York hadi kwenye umri wa miaka 41 hivi, na wakati huo opera yake ilikuwa imeshachezwa katika ukumbi wa Metropolitan Opera tangu 1976. Mchoraji Henri Rousseau alikuwa mtoza ushuru Paris mpaka 1893, akastaafu akiwa na miaka 49 ili achore. Mwandishi Franz Kafka alikuwa mwajiriwa wa taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague kuanzia 1908 hadi 1922.

Kwa huyo wa mwisho kuna jambo la kuangalia kwa makini: zamu yake iliisha saa nane mchana. Watu wakitafuta kazi ya kuwashikilia huuliza inalipa kiasi gani, na hawaulizi inakurudisha nyumbani ukiwa katika hali gani. Kazi ya mshahara mnono inayokufuata kwa simu hadi usiku ni mbaya kwa mchoraji kuliko ya mshahara wa wastani inayokoma ukifunga mlango. Uwe na wasiwasi zaidi na ajira inayofanana na sanaa yako. Ukishinda kutwa ukipanga rangi za matangazo ya watu, jioni jicho limekwisha. Wapo wanaomudu, lakini wengi ninaowaona huishia kuchora Jumapili moja moja.

Ukiamua kuacha, usitazame mwezi uliouza vizuri. Tazama miezi mitatu mibaya kuliko yote ya mwaka uliopita, ujiulize kama ungeivuka kwa mapato ya sanaa na akiba yako tu. Mauzo ya picha huja kwa mafungu na kodi ya nyumba huja kila mwezi.

Nipange bei vipi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia.

Anayeuza mwenyewe atapunguza ugomvi akipanga bei kwa ukubwa. Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni ya eneo: urefu mara upana, halafu mara kiwango chako. Ya pili ni kujumlisha urefu na upana, halafu mara kiwango. Chukua picha ya sentimita 30 kwa 40 na nyingine ya 60 kwa 80. Kwa eneo ni 1,200 na 4,800, kwa hiyo kubwa inauzwa mara nne ya ndogo. Kwa kujumlisha ni 70 na 140, yaani mara mbili tu. Njia ya eneo hupandisha picha kubwa mpaka hakuna anayezigusa. Ya kujumlisha huzishusha mpaka turubai, rangi na wiki ulizozitumia zisirudi. Mimi naona kujumlisha kunafaa kwa kazi ndogo na za kati, na kazi kubwa zipewe bei moja moja.

Kiwango chenyewe hukipati hewani. Chukua picha tatu ulizomaliza karibuni. Kwa kila moja andika vifaa, fremu, usafiri, na saa zako kwa malipo ambayo usingeona aibu kuyapokea kwa kazi nyingine. Gawanya jumla kwa urefu ukijumlisha na upana. Utakachokiona huenda kikakushtua, kwa sababu wengi wetu tunauza chini ya gharama na kuita hiyo biashara.

Ukishakuwa na orodha, ifuate. Bei ipande kidogo kidogo kazi zikianza kutoka haraka, na usiishushe hadharani, kwani aliyenunua mwaka jana anakuona. Kama mtu hafiki bei, mpe kitu kidogo zaidi: mchoro wa penseli, chapa, picha ya kiganja. Mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer aliishi sana kwa chapa, na mkewe Agnes ndiye aliyekuwa akizipeleka sokoni na kwenye maonesho ya biashara.

Mteja akisema "mbona umeichora kwa siku mbili tu"?

Mchoraji James McNeill Whistler alimshtaki mhakiki John Ruskin kwa kumchafulia jina, na kesi ikasikilizwa mwaka 1878. Mahakamani London aliulizwa kama kweli kwa kazi ya siku mbili anatoza gini 200, pesa ya Uingereza ya wakati huo. Akajibu kwamba anatoza kwa ujuzi alioupata katika maisha yake yote. Watu hulinukuu jibu hilo bila kuendelea na habari. Alishinda kesi, fidia aliyopewa ikawa robo ya peni, na mwaka uliofuata akafilisika, gharama za kesi zikiwa mojawapo ya sababu.

Basi usibishane. Tena, wewe ndiye uliyemtajia siku mbili. Mteja akiuliza imechukua muda gani, mweleze picha ilivyopatikana, michoro iliyotangulia na rangi uliyoikataa. Mara nyingi anauliza kwa sababu anataka cha kuwasimulia wageni wake.

Kazi za oda zinanilisha lakini zinanimaliza. Nifanyeje?

Dürer huyo huyo alikubaliana na mfanyabiashara Jakob Heller wa Frankfurt amchoree picha ya altare. Kazi ikakua kuliko bei. Katika barua zake za 1508 na 1509 analalamika kuwa malipo hayalingani na muda, na kwamba angebaki na uchongaji wa chapa angekuwa tajiri zaidi. Wachoraji wa leo wanaiandika barua hiyo hiyo kwa WhatsApp.

Oda humaliza watu kwa sababu haina ukingo. Weka ukingo kabla ya kuanza, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Kitu kama hiki:

"Nitakuchorea watu watatu, sentimita 60 kwa 80, akriliki juu ya turubai, bila fremu. Nusu ya malipo kabla sijaanza, na hiyo hairudi. Nitakutumia kwanza mchoro wa penseli. Hapo unaweza kubadilisha mara mbili bila kuongeza kitu. Nikishatia rangi, mabadiliko yanalipiwa. Nusu ya pili siku unayoichukua. Usafiri ni juu yako. Nitaruhusiwa kuonyesha picha yake kama sehemu ya kazi zangu."

Anayekataa kutoa advansi amekupa taarifa nzuri mapema, mshukuru. Kisha hesabu oda unazoweza kubeba kwa mwezi bila kugusa kazi yako mwenyewe, na zikijaa sema zimejaa. Foleni haimkimbizi mteja wa kweli.

Na ndugu na marafiki wanaotaka bei ya kishkaji?

Kuwa na watu wachache, unaowajua kwa majina, ambao hawalipi kabisa. Hao wape zawadi. Wengine wote walipe bei ya orodha. Punguzo la nusu nusu ndilo linaloleta kinyongo pande zote mbili: wewe unaona umedhulumiwa, naye anaona amekusaidia.

Naambiwa nifanye bure, nitapata jina.

Uliza jina hilo litapatikana kwa nani. Hafla yenye watu wanaonunua picha, jina lako likiandikwa wazi na wewe mwenyewe ukiwepo kuongea nao, inaweza kufaa mara moja. Ukuta wa hoteli ambako hakuna kibandiko cha jina wala bei, umewapambia tu. Na waandaaji wakiwalipa wapishi, wenye viti na mpiga muziki, msanii wa picha naye yumo kwenye bajeti, ila hajauliza.

Nyumba ya sanaa inachukua nusu ya bei. Si wizi?

Kamisheni ya asilimia 40 hadi 50 ni ya kawaida duniani. Si wizi ikiwa wanalipa pango, wanaita wanunuzi, wanatangaza na wanasimama pale kutwa wakieleza kazi zako. Ni hasara ikiwa wanatundika na kusubiri.

Kabla hujakabidhi, hakikisha kuna karatasi iliyosainiwa na pande mbili: orodha ya kazi na vipimo vyake, bei ya kila moja, asilimia yao, siku ngapi baada ya mauzo unalipwa, nani anabeba hasara ikiibiwa au kuharibika, na tarehe ya kurudishwa zisizouzwa. Karatasi hiyo huzuia visa vingi vya "meneja alibadilika, hatujui picha zako zilikwenda wapi".

Bei yako ya nyumbani na ya kwao iwe moja. Ukiwauzia watu nusu bei kwa mlango wa nyuma, habari itafika, nao watakuwa na haki ya kukutoa. Wanaokutaka ulipe wewe kwanza ili uonyeshwe, kwa kawaida wameshapata faida yao kutoka kwako na hawana haraka ya kuuza.

Mtu akinunua picha, anaweza kuichapa kwenye fulana?

Kwa kawaida hapana. Anamiliki turubai, na haki ya kunakili imebaki kwako mpaka uiuze kwa maandishi. Katika nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Berne, wa mwaka 1886, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, haisubiri usajili. Kwa kazi nyingi kiwango cha chini cha ulinzi ni uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika 70. Zipo pia nchi zinazompa msanii asilimia ndogo kila kazi yake inapouzwa tena sokoni. Ufaransa ilianza hilo mwaka 1920. Uliza kama sheria ya kwenu inayo.

Kwa oda, sheria hutofautiana kuhusu nani anashika haki, ndiyo maana ile sentensi ya mwisho ya ujumbe wa oda ina kazi yake. Nawe pia ukichora kwa kuiga picha ya mpiga picha fulani, omba ruhusa. Yeye naye ni msanii.

Muda sipati. Wenzangu wanaupata wapi?

Wanaupata mdogo, ila saa ile ile kila siku. Mwandishi wa riwaya Anthony Trollope aliandika vitabu vyake asubuhi kabla ya kwenda kazini posta, naye alikaa posta tangu 1834 hadi 1867. Sikushauri uamke alfajiri kama mwili wako haupendi. Nakushauri saa yako ijulikane nyumbani, simu iwe chumba kingine, na mambo ya wateja yawe na siku yake. Anayejibu ujumbe kati ya mkono na mkono wa rangi hajachora.

Kuna jambo dogo linalookoa nusu saa kila kikao: maliza kwa kuandaa kesho. Osha brashi, acha turubai kwenye stendi, na andika kwenye kipande cha karatasi jambo moja la kuanzia, kwa mfano "kivuli chini ya kidevu bado ni baridi mno". Kesho hutakaa kuitazama picha ukitafuta pa kuingilia.

Nimechoka kuchora kile kinachouzika.

Kama mandhari moja imekulisha miaka mitatu, usiitukane, lakini ipunguzie nafasi. Sema robo ya vikao vyako ni vya kazi isiyo na mnunuzi bado, na usiionyeshe kwa mtu mpaka iwe picha kumi hivi. Ukiionyesha ikiwa moja, mteja wa zamani atasema anapenda zile za kwanza, nawe utarudi huko.

Kukauka kabisa ni habari nyingine. Mara nyingi ni uchovu wa mwili uliovaa nguo za falsafa. Lala kwanza, kisha chora kitu kilicho mezani kwa penseli, bila kukusudia kiwe kazi.

Rangi za bei rahisi zina ubaya gani?

Unyonge wa vifaa haukuzuii sanaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alijenga mtindo mzima kwa rangi za enameli juu ya hadibodi. Shida ni kumuuzia mtu kitu kitakachofifia huku umemwambia kitadumu.

Soma mgongo wa tyubu. Watengenezaji makini huandika alama ya rangi yenyewe: PB29 ni bluu ya ultramarini, inayohimili mwanga vizuri, PR83 ni alizarini, nyekundu nzuri sana ambayo hufifia. Tyubu isiyo na alama yoyote ni ya mazoezi. Van Gogh alipochora chumba chake cha kulala mwaka 1888 kuta zilikuwa za zambarau. Leo tunaziona za bluu kwa sababu wekundu uliochanganywa humo umeondoka.

Ukitaka kupima mwenyewe, paka mistari ya rangi zako zote kwenye karatasi moja, funika nusu kwa kadibodi nene, bandika dirishani penye jua na uandike tarehe. Fungua baada ya miezi mitatu. Maka na wino wa rangi ndivyo huwaaibisha watu zaidi.

Nafanyia kazi chumba ninacholala. Kuna hatari?

Ipo, na kubwa zaidi ni ile isiyotajwa: matambara. Mafuta ya kitani, yale yanayotumika kwenye rangi za mafuta, yanapokauka hufyonza oksijeni na kutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pembeni, joto halipati pa kutokea, na rundo linaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yatie kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Usiyakunje na kuyatupa kwenye ndoo ya taka ukaenda kulala.

Mvuke wa tapentaini huumiza kichwa na mapafu. Brashi za mafuta unaweza kuziosha kwa mafuta ya kupikia, kisha kwa sabuni. Rangi zenye kadmiamu au risasi, metali zenye sumu, usizipige msasa zikiwa kavu, na kikombe cha chai kisikae jirani na kikombe cha brashi. Ukilala humo humo, akriliki na rangi za maji ni chaguo la busara kuliko mafuta, hata kama moyo wako uko kwenye mafuta.

Mitandao ya kijamii ni lazima?

Si lazima, inasaidia. Chenye thamani zaidi ni daftari la walionunua: jina, namba, walichonunua, mwaka. Watu ishirini walionunua tayari na wanaoambiwa wewe mwenyewe kwamba Jumamosi unafungua mlango watakufaa kuliko maelfu wanaobonyeza moyo. Akaunti ya mtandaoni ikifungiwa, daftari halifungiwi.

Programu za kutengeneza picha zitatumaliza?

Zimeshachukua sehemu ya kazi za haraka, vielelezo vya matangazo na majalada hasa, na wanaotegemea hizo tu wana sababu ya kuhangaika. Anayenunua picha kwako ananunua kitu kimoja kilichotoka mkononi mwa mtu anayemfahamu, na hapo hujaguswa sana. Ukizitumia kupangia mchoro, mwambie mteja. Marekani mahakama ilishasema mwaka 2023 kwamba picha iliyotengenezwa na mashine pekee, bila mtunzi binadamu, haipati hakimiliki, jambo la kukumbuka kabla hujaahidi haki ambazo huenda huna.

Hesabu na kodi?

Pesa za sanaa zikae mbali na pesa za nyumbani, risiti zote ziwekwe, na kila malipo yakiingia tenga fungu la kodi kabla hujayazoea. Kiwango chake kiulize kwa anayejua sheria ya kwenu. Mchoraji Rembrandt, pamoja na oda zote alizopata, alifilisika 1656 na nyumba yake ikauzwa.

Nimechelewa? Nina miaka zaidi ya 50.

Van Gogh alianza 1880 akiwa na miaka 27 na alifariki 1890, yaani kazi zake zote ni za miaka kumi tu. Anna Mary Robertson Moses aliingia kwenye uchoraji akiwa na zaidi ya miaka 75, ugonjwa wa viungo ulipomzuia kudarizi, akachora mpaka karibu na kifo chake 1961, akiwa na miaka 101. Anayeanza akiwa mzee ana faida: hana presha ya kumuiga mtu. Nunua taa nzuri, inua meza, na usimame ukichora kadiri mgongo unavyoruhusu.

Kazi zisizouzwa zimejaa chumba. Nizifanyeje?

Kwanza zipe namba. Nyuma ya kila moja andika mwaka na nambari, kwa mfano 2025-014, kichwa, vipimo na vifaa, kisha ipige picha mchana kivulini na uhifadhi nakala sehemu zaidi ya moja. Zipange zikiwa zimesimama, zimeinuliwa kidogo kutoka sakafuni, sura kwa sura na mgongo kwa mgongo, mbali na ukuta wenye unyevu. Plastiki isiguse rangi. Akriliki hasa hugandana nayo wakati wa joto.

Halafu zigawe. Zilizo bora na hazijapata mnunuzi zibaki, maana mnunuzi wa miaka kumi ijayo atataka kuona ulikotoka. Zilizo dhaifu usiziuze kwa bei ya kutupa, kwani zitakuwa zinatembea na saini yako. Zipige msasa kidogo ukiwa umevaa barakoa (isipokuwa zenye kadmiamu au risasi), zipake jeso, yaani rangi nyeupe ya kutangulizia, na uchore upya, ila za mafuta usizipake jeso ya akriliki, zichorewe juu kwa mafuta, kwa kuwa akriliki haishiki vizuri juu yake. Van Gogh alifanya hivyo mara nyingi; chini ya baadhi ya picha zake mionzi imeonyesha nyuso za watu wengine kabisa.